Baridi ya Julai? Teremka Magadi, lakini sabuni iache nyumbani

MSOMAJI wa Kitengela hahitaji kuambiwa baridi ya Julai ni kitu gani. Unaamka alfajiri na kukuta ukungu umetanda juu ya mbuga, upepo unavuma kama uliotumwa, watoto wanakimbia beseni la kuogea, naye kondakta wa matatu amejifunga skafu hadi masikioni.

Jumapili inapofika, familia nyingi hujifungia ndani, zikajifunika blanketi mbele ya televisheni na kungoja Agosti ipite.

Lakini je, wajua kwamba katika kaunti hii hii ya Kajiado kuna mahali ambapo ardhi yenyewe huchemsha maji usiku na mchana, bila kuni wala stima? Mahali hapo ni kingo za Ziwa Magadi, chini kabisa katika Bonde la Ufa, karibu na mpaka wa Tanzania.

Wengi wetu hulisikia jina hilo tangu utotoni na kuishia hapo. Magadi tunayajua jikoni: ni ile chumvi ya mawe ambayo nyanya zetu walitia katika maharagwe au mboga za kienyeji ili ziive upesi na kulainika. Lakini ziwa lenyewe, na chemchemi zake za maji moto, hatujawahi kulitazama.

Wenzetu wa Japani hawangoji baridi iishe. Wao huifuata nje. Katika mkoa wa Nagano kuna bonde liitwalo Jigokudani, yaani Bonde la Jehanamu, kwa sababu ya mvuke unaofuka ardhini. Marafiki huvaa makoti na buti, wakatembea kwa miguu kama kilomita moja na nusu hivi katika msitu uliojaa theluji, hadi kufika penye kidimbwi cha maji moto.

Na wakifika, hawaogi! Kidimbwi kile ni cha nyani wa milimani, ambao hujitumbukiza humo hadi shingoni huku theluji ikiwaangukia vichwani. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1964, na sheria zake ni chache: usimguse nyani, usimpe chakula. Mtu ni mgeni, mwenye nyumba ni nyani.

Hata katika mabafu yao ya maji moto ya binadamu, Mjapani haingii na sabuni. Hukaa kando kwanza, akajisugua na kujisuuza hadi awe safi kabisa, ndipo ajitose katika maji ambayo wengine pia watayatumia. Kumbuka jambo hilo, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Sisi hatuna theluji, lakini tuna Julai, na safari yetu huanza baridini vile vile. Ukiwa Kitengela, fuata barabara ya Namanga hadi Isinya, kisha ukate kulia kwa barabara ya lami inayokwenda Kiserian. Anayetoka Nairobi hupitia Ongata Rongai. Njia hizo zikikutana, unapanda hadi Kona Baridi, mwisho wa kusini wa vilima vya Ngong. Jina hilo halikutolewa bure. Hapo hata mwenye sweta mbili hujikunyata.

Baada ya hapo barabara huanza kuteremka, na kila baada ya kilomita chache mtu huvua kitu kimoja. Skafu hutangulia, halafu koti, halafu sweta. Kona Baridi na Ziwa Magadi hutengana kwa zaidi ya mita 1,000 za kimo, kwa kuwa ziwa liko kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari.

Njiani utapita Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940. Mwanafunzi asipite hapo bila kushuka. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yameyaacha mengi ya mashoka hayo palepale yalipopatikana.

Mji wa Magadi wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya kiwanda. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka wa 1911, na reli kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado ikakamilika mwaka wa 1915. Tangu mwaka wa 2005 kampuni hiyo imo mikononi mwa Tata ya India. Magadi yake hutumika kutengenezea vioo na sabuni katika nchi nyingi.

Sasa, maji moto yanatoka wapi? Mvua inyeshayo juu ya kuta za Bonde la Ufa huzama katika nyufa za miamba. Huko chini hupata joto la ardhi, ikayeyusha chumvi za mawe ya volkano, kisha husukumwa juu tena kandokando ya ziwa. Ziwa halina mto wa kulitoa maji. Jua huyakausha, na kinachobaki ni magadi meupe na ya waridi ambayo mahali pengine unene wake hufika mita 40.

Chemchemi hizi hazilingani. Nyingine ni za uvuguvugu, lakini kali zaidi zimepimwa na kupatikana na joto la nyuzi 86 za sentigredi. Hayo si maji ya kuoga. Ni maji ya kumenyea kuku.

Na ndani ya yale yasiyo makali sana ndimo mlimo na ajabu kuu ya Magadi. Humo huishi samaki mdogo wa jamii ya ngege, au tilapia, ambaye kwa kawaida hapiti urefu wa kidole. Huogelea katika maji yanayokaribia nyuzi 42, yenye magadi makali ambayo yangemuua samaki mwingine yeyote unayemjua. Mama hubeba mayai yake mdomoni hadi yaanguliwe.

Wanasayansi wamemchunguza kwa miaka mingi kwa sababu mwili wake hutoa taka kwa njia inayofanana na yetu sisi binadamu, si kama samaki wengi. Hana budi, kwa maana maji yale hayaruhusu njia ya kawaida. Kiasili samaki huyu hapatikani popote duniani ila Magadi na kiziwa chake jirani, Magadi Ndogo. Katika miaka ya 1950 na 1960 wengine walipelekwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu, lakini kwao ni hapa.

Mwandishi wa makala haya aliteremka huko Jumamosi moja ya Julai na marafiki wanne. Tulimchukua kijana Mmaasai wa kutuongoza, tukavuka ziwa kwa njia iliyojengwa juu ya magadi, kisha tukaacha gari na kutembea ukingoni upande wa kusini. Upande mmoja heroe, wale ndege wa waridi waitwao pia flamingo, walikuwa wameinamisha vichwa majini. Upande mwingine mvuke ulikuwa ukipaa taratibu.

Tulipofika mahali ambapo kijana alisema panafaa kutia miguu, mwenzetu mmoja, ambaye ni muuguzi, alitoa kipande cha sabuni mkobani. Alitaka kuoga vizuri, asemavyo, kwa kuwa nyumbani kwake mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumatano. Kijana alimwita mama kwa heshima na kumwomba airudishe. Kisha akamwonyesha, hatua tatu tu kutoka miguuni pake, kundi la samaki hao wakihangaika katika kijito chembamba kinachotoka chemchemini.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu, msomaji. Sabuni huharibu matamvua, na samaki asiye na matamvua hana pumzi. Kijito kile si mto Athi. Baadhi ya vijito hivyo unaweza kuviruka kwa hatua moja, na povu la familia moja linatosha kukijaza kimoja. Samaki wa humo hawezi kukimbilia ziwani, kwa maana huko maji ni makali hata kwake. Ni kinyume cha ajabu kwamba magadi ya hapa husafiri mbali kutengenezewa sabuni, ilhali sabuni hiyo ikirudi hapa huwa sumu.

Wengi huja wakiamini kwamba maji haya hutuliza maumivu ya viungo. Joto hulegeza misuli, hilo halina ubishi, na hakuna anayekukataza kutia miguu. Lakini fanya kama Mjapani: usafi uumalize nyumbani, uje majini bila sabuni, bila mafuta ya nywele na bila chupa ya kutupa.

Yafuatayo pia yazingatie. Usitangulie mbele ya mwongozaji, kwa maana gamba jeupe la magadi laweza kuonekana gumu na kumbe chini yake ni tope la moto. Mlipe haki yake, kwani ndiye anayelinda mahali hapa wewe ukiwa Kitengela. Mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote. Usitie mguu kabla mwenyeji hajakuonyesha mahali. Mwenye ugonjwa wa moyo au mja mzito amwone daktari kabla ya kujitosa maji moto ya aina yoyote.

Beba maji ya kunywa ya kutosha, angalau lita 3 kwa kila mtu, kwa sababu maji ya ziwani na ya chemchemini hayanyweki. Vaa viatu vilivyofunika miguu, si kandambili. Kofia usisahau, mchana joto huweza kupita nyuzi 35 hata Julai. Na sweta usiiache garini ukajisahau, kwa maana jioni utapita tena Kona Baridi.

Wahenga walinena, tembea uone. Nasi twaongeza: ukishaona, acha kilichoonwa kibaki, ili na mtoto wa jirani apate cha kuona Julai ijayo.