Samaki Wako Wamekufa? Usimtafute Mchawi, Tazama Maji

Siku ya kumi na moja tuliwakuta wameelea. Watoto ndio waliotangulia kuona, maana kila asubuhi walikimbilia tangini kabla hata ya kunawa uso. Perege arobaini na wawili, matumbo juu, na waliobaki wakitweta chini ya bomba la maji. Vifaranga 60 nilivinunua kwa fedha ya mahindi, nikavileta kwa basi katika mfuko wa plastiki, na sasa nilibaki na kumi na minane tu.

Jirani mmoja akasema, "Hapa pana mkono wa mtu." Mwingine akakumbuka ya kuwa jana yake alimwona fulani akipita karibu na ua. Kabla ya jua kutua sumu ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe, na nusura tupelekane barazani. Nasimulia haya kwa aibu, kwa sababu sumu ilikuwapo kweli, lakini aliyeitia ni mimi, kwa mkono wangu, mara tatu kwa siku, kutoka katika kopo la chakula.

Ndugu wasomaji, siku hizi watu wanajaribu kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale. Ufugaji huu huitwa akwaponiki. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Samaki hukaa tangini. Maji yao hupandishwa katika sanduku la kokoto lililopandwa mchicha, sukuma wiki au nyanya. Kisha maji hushuka tena tangini yakiwa safi. Mboga hula uchafu wa samaki, nasi twala mboga na samaki pia. Kwa kuwa maji huzunguka, hayapotei ovyo, na penye kiangazi kirefu hilo ni jambo kubwa.

Wala si mambo ya jana. Huko Qingtian, nchini China, wakulima wamefuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga kwa karne nyingi. Kwetu Tanzania majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mabwawa mengi yaliyochimbwa baadaye yaliachwa kwa utunzaji mbaya. Tangi nalo litaachwa vivyo hivyo, ligeuke pipa la kuwekea kuni, ikiwa mwenyewe hajui kusoma dalili zake.

Watumishi wasioonekana

Samaki anapopumua hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake. Chakula kinachooza majini nacho hutoa amonia. Amonia ni sumu, tena kidogo tu hutosha kumdhuru samaki. Basi nani huiondoa? Watu wengi hujibu, "Mboga." Si mboga peke yake. Kati ya samaki na mboga wapo watumishi wadogo wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, wanaokaa juu ya kila jiwe la kokoto. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mbolea ya mboga. Samaki haimsumbui sana.

Tangi jipya halina watumishi hao. Huja wenyewe, hatuwanunui, lakini huja polepole: wiki tatu mpaka tano penye joto, na zaidi penye baridi. Mimi nilijaza maji asubuhi nikatia samaki 60 jioni. Ni kama kualika watu sitini harusini kabla hujampata mpishi.

Anza hivi. Jaza maji, yazungushe juu ya kokoto, na utupe chakula cha samaki kidogo sana kila siku, ingawa samaki hawajafika. Chakula kikioza hutoa amonia, na amonia ndiyo inayowalisha bakteria. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe ndoo ya kokoto zake zenye unyevu uzichanganye na zako. Utakuwa umeazima watumishi waliokwisha kuzaliwa. Ukipata karatasi za kupimia maji, ngoja mpaka amonia na nitriti zimeshuka kabisa na nitrati imeonekana. Usipozipata, subiri wiki sita, kisha tia samaki watano tu uwatazame wiki mbili. Najua kungoja ni kugumu. Nimekwisha kusema kilichonipata.

Na maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache kwanza siku moja au mbili katika chombo kilicho wazi, maana dawa hiyo huua samaki na bakteria pamoja.

Saa ya kufa husema mengi

Samaki wakianza kuhangaika, fanya kwanza mambo matatu kabla ya kuuliza sababu. Acha kulisha. Tia hewa: chota maji ya tangi lile lile kwa ndoo, uyamwage kutoka juu kwa kupitia kopo lililotobolewa, tena na tena. Kisha toa theluthi moja ya maji, uweke mengine safi yenye joto lile lile. Mambo hayo husaidia karibu kila shida, na hayagharimu kitu. Halafu ndipo ukae uchunguze.

Tazama saa. Ikiwa samaki huja juu kuvuta hewa alfajiri, na jua likipanda wanapata nafuu, wamekosa oksijeni. Wakubwa ndio hufa kwanza. Tazama rangi ya maji: yakiwa ya kijani kama supu ya mboga, umempata mwizi. Vimelea vile vya kijani hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa jua, lakini usiku huivuta pamoja na samaki, na karibu na mapambazuko hakuna iliyobaki. Dawa yake ni giza. Matangi meupe ya plastiki hupitisha mwanga. Yafunike kwa magunia, mikeka au makuti pande zote, na juu pia, ukiacha nafasi ya hewa. Kumbuka tena ya kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi: ya digrii 20 hushika kama miligramu 9 kwa lita, ya digrii 30 kama miligramu 7 na nusu. Perege wataka zaidi ya 5. Kwa hiyo tangi liwe kivulini, jua tuliachie mboga.

Ikiwa wanahangaika mchana kutwa, si alfajiri tu, mkamate mmoja ufunue matamvua. Yakiwa mekundu sana kama yaliyochubuka, shuku amonia. Yakiwa ya hudhurungi kama kahawa, shuku nitriti, kwa maana nitriti huharibu damu isibebe hewa. Samaki hukosa pumzi katika maji yenye hewa tele. Kwa nitriti, chumvi ya kawaida husaidia: gramu moja kwa lita, yaani kilo moja kwa tangi la lita 1,000. Iyeyushe kwanza ndooni, umimine polepole upande wa samaki. Maharage hayapendi chumvi, lakini heri kupoteza maharage.

Kwa amonia, punguza maji hata nusu, na siku hiyo usitie majivu wala chokaa hata kidogo. Vitu hivyo huondoa uchachu wa maji, na maji yakipungua uchachu amonia ileile huwa kali zaidi. Wapo waliotia majivu kwa nia njema wakamaliza tangi zima.

Ikiwa wamekufa wote kwa mara moja, wakubwa kwa wadogo, bila dalili ya siku za nyuma, hapo uliza nini kiliingia majini. Pipa lilikuwa la dawa za pamba? Kuna bomba la shaba, au chombo cha bati lililopakwa zinki? Nani alipuliza dawa? Hata sabuni, hata maji ya tumbaku tunayoyasifu shambani, ni sumu kwa samaki. Vidukari katika sukuma wiki vioshe kwa maji ya nguvu, na viwavi viokote kwa mkono jioni. Hiyo ni kazi nzuri ya watoto, tena wanaipenda.

Mkono wa kulisha

Kila nikitembelea tangi lenye shida, naliuliza kwanza kopo. Wageni hupenda kuwaona samaki wakirukia chakula, watoto nao hutupa chakula, bibi naye hutupa makombo ya ugali, na mwenye nyumba akirudi hajui ya kuwa wamekwisha kula mara nne. Ateuliwe mtu mmoja wa kulisha. Kinachobaki baada ya nusu saa kitolewe kwa wavu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Samaki 30 wenye gramu 100 kila mmoja ni kilo tatu. Wape kama gramu 60 kwa siku, yaani sehemu mbili katika mia ya uzito wao. Wadogo sana hula zaidi kwa kadiri ya mwili wao, wakubwa hula pungufu. Mboga za majani zinahitaji samaki wapewe gramu 40 mpaka 50 za chakula kizuri kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Hivyo gramu 60 zitatunza kitanda cha mita moja na kitu. Hesabu hiyo ya mboga imo katika kitabu kilichotolewa na shirika la FAO mwaka 2014 juu ya wafugaji wadogo wa namna hii. Kitabu hicho humshauri anayeanza asizidishe kilo 10 mpaka 20 za samaki kwa lita 1,000. Penye pampu ya umeme wa jua hesabu hiyo inafaa. Unayepandisha maji kwa ndoo, baki chini ya nusu yake. Tena perege huzaa upesi, jike akitunza mayai kinywani mwake. Usipowatoa watoto, baada ya miezi michache utakuwa na kundi kubwa la samaki wasiokua.

Majani ya manjano

Mboga nazo husema. Majani ya chini yakiwa ya manjano yote na mmea mzima umedumaa, mbolea haitoshi: samaki ni wachache, au bakteria hawafanyi kazi. Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano huku mishipa yake imebaki ya kijani, imekosekana madini ya chuma. Watu hutumbukiza misumari yenye kutu. Haisaidii, kutu haiyeyuki vya kutosha. Tafuta katika duka la pembejeo mbolea ya chuma iliyotengenezwa kuyeyuka majini. Kingo za majani ya zamani zikiungua, imepungua potasi.

Sababu kubwa iliyofichika ni uchachu. Bakteria wanavyofanya kazi, maji huzidi kuwa machachu mwezi baada ya mwezi, na zaidi yale ya mvua yaliyokingwa paani, kwa kuwa hayana chokaa ndani yake. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 6 bakteria hulegea, na amonia huanza kukusanyika. Tia maganda ya mayai yaliyopondwa, makombe ya pwani au vipande vya mawe ya chokaa katika mfuko wa wavu, uutundike pale maji yanapopita. Huyeyuka polepole, hawezi kudhuru mtu. Ukitaka majivu ya kuni kwa ajili ya potasi, yaloweke, yachuje, umimine kidogo kidogo kwa siku kadhaa, tena wakati amonia haipo, na uache pH ikifika 7.

Kwa sababu hiyo jaribu kokoto kabla ya kuzinunua. Zidondoshee siki au maji ya limau. Zikitoa povu ni za chokaa, na sanduku zima la chokaa litapandisha pH kupita kiasi hata chuma kisipatikane kwa mboga. Mawe mepesi ya volkano, kama yale ya Arusha na Rungwe, ni mazuri sana, maana vishimo vyake ni nyumba za bakteria.

Mara moja kwa mwezi chimba pembe moja ya kokoto. Ukikuta tope jeusi lenye harufu ya yai viza, hewa haifiki. Osha nusu tu ya kokoto, na uzioshe kwa maji yaliyotoka tangini, si ya bomba; nusu nyingine ngoja wiki mbili. Ukiosha zote siku moja umewafukuza watumishi, na unaanza upya na samaki wako majini.

Kwa wenzetu wa Njombe, Makete na sehemu nyingine za baridi, mwezi wa Juni na Julai msishangae perege wakikataa chakula. Maji yakishuka karibu na digrii 17 huacha kula, si wagonjwa. Punguzeni chakula au acheni kabisa, funikeni tangi usiku, na msiongeze vifaranga vipya. Joto likirudi, pengine Septemba, anzeni na gramu chache asubuhi, siku tatu au nne, mkitazama kama zimeliwa zote.