Siku ya Shukrani Marekani: nani atakaa mezani petu?

Alhamisi ya nne ya mwezi wa kumi na moja Wamarekani wanafanya Siku ya Shukrani. Shule zinafungwa, maofisi yanafungwa, mabasi yanapungua, na mji unanyamaza. Kwa Mkongomani aliyefika huko juzi, siku hiyo inaweza kuwa ndefu kuliko nyingine zote. Anakaa ndani na watoto, anaona magari ya wageni mbele ya nyumba ya jirani, na hajui kama jambo hilo linamhusu. Sisi tunasema linamhusu.

Makanisa yetu yana watu wengi huko. Katika mwaka wa serikali ya Marekani wa 2023 peke yake, wakimbizi zaidi ya 18.000 waliopokelewa walikuwa Wakongomani, na hakuna nchi nyingine iliyokuwa na wengi hivyo mwaka huo. Wengi walikuwa wamepita miaka na miaka katika kambi kama Nyarugusu, Nakivale ao Kakuma. Leo wako Louisville, Dallas, Phoenix, Grand Rapids na miji mingine mingi, na watoto wao wanarudi kutoka shule na picha za bata mzinga walizochora.

Mzazi anapaswa kujua picha hizo zinatoka wapi. Mwaka 1620 Waingereza 102 walivuka bahari kwa meli iliyoitwa Mayflower. Wengine walitafuta uhuru wa kumwabudu Mungu, wengine walitafuta maisha tu. Baridi ya kwanza pale Plymouth iliua karibu nusu yao. Mwenyeji mmoja, Tisquantum, aliwaonyesha namna ya kupanda mahindi katika udongo ule. Walipovuna mwaka 1621, walikula siku tatu pamoja na wanaume karibu 90 wa kabila la Wawampanoag, ambao nao walileta nyama ya kuwinda. Yaani mezani wenyeji walikuwa wengi kuliko wageni. Baadaye wenyeji hao walinyang'anywa inchi yao, na tangu 1970 kuna wazao wao wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kwa kuomboleza. Watoto waambiwe na hilo pia. Mtoto wa Kivu hatashindwa kulielewa.

Rais Abraham Lincoln ndiye aliyetangaza shukrani ya taifa zima, mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea. Basi hii haikuanza kama sikukuu ya watu walioshiba na kutulia. Ilianzishwa na watu waliokuwa wamezika wapendwa wao. Tunaona hapo jambo tunalolijua kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 26: Mwisraeli anayeleta kikapu cha malimbuko anaagizwa kwanza asimulie safari ya wazazi wake, namna walivyotangatanga na kuteswa, halafu afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Kikapu, historia ya safari, na mgeni. Ukiwa na hayo matatu, sikukuu yako imekamilika hata kama bata mzinga hayupo.

Tuanze na mgeni, maana ndiye anayesahauliwa haraka. Wiki mbili mbele, mama mchungaji na wazee wa kanisa waandike majina: kijana anayeishi peke yake, mjane, jamaa iliyofika mwezi huu, mwanafunzi ambaye wenzake wote wamekwenda kwao. Kila jina lipewe nyumba, na kila nyumba ipewe mtu mwenye gari, kwa sababu siku hiyo basi halitegemewi. Jirani Mmarekani naye aalikwe. Wako wazee wa kizungu wanaokula peke yao siku hiyo, watoto wao wakiwa mbali, nao hawatasema mpaka waulizwe.

Na kama ni wewe umealikwa kwao, uliza ulete nini, na ufike kwa wakati. Saa nane kwao ni saa nane. Mara nyingi kila mtu mezani anaombwa kutaja jambo moja analoshukuru. Jambo moja, ndugu! Ule ushuhuda wa saa nzima tuuchunge kwa ajili ya ibada ya Jumapili.

Siku yenyewe si lazima iwe Alhamisi. Wengi wetu wanafanya kazi katika viwanda vya nyama, maghala na nyumba za wazee, ambako kazi haisimami. Shukrani ya Ijumaa jioni ao ya Jumamosi ni shukrani kamili.

Juu ya chakula, kila jamaa ilete sahani yake ili mzigo usimwangukie mama mmoja. Sombe, bugali, maharagi, ndizi, wali, samaki: vyote vina nafasi kando ya viazi na mahindi ya Wamarekani. Makanisa na vituo vya misaada vingi hugawa bata mzinga bure mbele ya sikukuu, kwa hiyo ulizeni mapema. Lakini anatoka akiwa barafu kama jiwe. Bata wa kilo sita anahitaji karibu siku tatu ndani ya frigo ili ayeyuke, basi atolewe Jumatatu. Asiachwe juu ya meza usiku kucha, maana nyama itaharibika. Akiwa ndani ya tanuru, mchomeni kipimo cha joto kwenye paja: kikifika 74, ao 165 kwa hesabu ya Wamarekani, ameiva. Na hakuna sheria inayokataza kumkata vipande na kumpika na nyanya na vitunguu kama kuku wa kwetu. Kwa maoni yetu hivyo ndivyo anavyokuwa mtamu. Ila msimtumbukize mzima katika mafuta ya moto ndani ya nyumba. Kila mwaka watu wanaunguza nyumba kwa njia hiyo.

Mbele ya kula, mtoto asimulie habari ya Plymouth kama alivyofundishwa. Kisha babu ao nyanya asimulie safari yenu: kijiji, njia, kambi, ndege. Asimulie katika lugha yake, na mjukuu atafsiri. Watoto wengi waliozaliwa kambini hawajawahi kuisikia safari hiyo tangu mwanzo.

Tusimlazimishe mtu kucheka. Tangu Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na wako wazazi mezani ambao mtoto wao aliyekuwa anangoja amebaki kambini. Wengine wamepata habari za kifo kutoka nyumbani wiki hiyohiyo. Zaburi zina maombolezo mengi, na mtu anaweza kuomba kwa maneno hayo mezani bila kuharibu sikukuu ya mtu. Wapigieni simu walio mbali mkiwa bado pamoja: saa sita ya mchana Louisville ni saa moja ya jioni Bukavu na saa mbili ya usiku Nyarugusu. Majina yao yatajwe katika maombi, moja moja.

Kisha, mbele ya wageni kuanza kujipakulia, sahani moja ijazwe, ifunikwe na kuwekwa ndani ya frigo, yenye jina la yule aliyeko kazini. Atarudi alfajiri akiwa na njaa, na nyumba nzima itakuwa imelala.