Washa Juu ya Boksi Kwanza

Pita Luthuli Avenue Jumamosi mchana utacheki mayut wakitoka dukani na boksi ya mazabodi kwapani, wanajichekea tu. Naelewa. Hiyo ganji imekusanywa pole pole, kibarua ya kueditia msee video hapa, biti ya ngoma pale, na sasa Ryzen iko kwa mfuko. Ngori huanzia keja. Mse anafungua kesi, anarusha kila kitu ndani, anakaza skrubu, anafunga ule mlango wa kioo, anafinya switchi. Giza. Saa sita usiku bado anafungua zile skrubu alikaza, na hajui ni nani kati ya hizo vitu ndio amemchezea.

Kwa hii maneno nina msimamo mmoja, na mafundi wengine wa mtaa hunicheka nao: mazabodi inafaa iwake nje kabla ionje kesi. Weka boksi yake ya kadibodi kwa meza ya mbao, ilaze hapo juu, halafu chomeka prosesa na feni yake, RAM moja, kadi ya picha na pawa saplai. Basi. BIOS ikitokea kwa skrini, ndio sasa tubonge mambo ya luku na taa za RGB. Isipotokea, mshukiwa ni mmoja wa hao wachache, na kule dukani bado wanakumbuka sura yako. Lakini usiiwashie juu ya ule mfuko wa silva imekuja ndani yake. Huo umetengenezwa uondoe chaji, si wa kuwekelea kitu inapitisha stima. Kadibodi ni sawa kabisa.

Hapo kwa kadi ya picha kuna mtego umeshika wasee kibao. Ryzen 5 5600 haina picha ndani yake. 5600G ndio iko nayo. Sasa mse amenunua 5600, anachomeka HDMI nyuma ya mazabodi, skrini inabaki nyeusi, anaanza kupiga duka simu na matusi. Mazabodi iko fiti, manze. Hiyo tundu ya HDMI haina mtu nyuma yake. Waya ya skrini inafaa iingie kwa kadi ya picha.

Kabla ya kugusa kitu yoyote, mambo ya chaji. Ukivua hudi ya fleece Julai, hiyo kelele ya cha-cha-cha unasikia ni maelfu ya volti. Mwili wa binadamu huanza kuhisi hiyo kitu ikifika kama volti 3,000, na chipu inaweza kudedi chini sana ya hapo, bila wewe kuhisi lolote. Ndio maana mse anaweza kuapa hajafanya kitu na bado ameua RAM. Simama kwa sakafu, si kwa kapeti, na vua hiyo hudi mapema.

Wakenya tuko na bahati moja: plagi yetu ya pini tatu. Switchi ya ukutani ikiwa ofu inakata stima, lakini pini ya ardhi inabaki imeshikana. So chomeka pawa saplai, zima ukutani, zima na ile switchi yake ya nyuma, halafu kila baada ya dakika kadhaa gusa chuma yake penye haina rangi. Chaji yako inaenda chini. Lakini hii inafanya kazi tu kama keja imewekwa waya ya ardhi kihalali, na tusidanganyane, kuna maploti landlodi aliweka soketi ya pini tatu na nyuma kuna waya mbili pekee. Kama huamini ukuta wako, chomoa kabisa, na endelea kugusa hiyo chuma ndio wewe na mashine mkae levo moja. Pawa saplai yenyewe usiwahi kufungua. Kapasita zake hushikilia stima ya ukutani hata ukishachomoa, na hiyo haibembelezi mtu.

Prosesa sasa. Soketi ya AM4, yenye AMD walileta 2016, inapokea prosesa iko na pini zake chini ya tumbo. Inua kale kamkono ka chuma, linganisha pembetatu ya dhahabu na ile iko kwa soketi, iachilie ianguke yenyewe. Ikikataa, hakuna kufinya. Iinue ucheki pini gani imepinda. Intel na AM5 wamegeuza mchezo, pini ziko kwa mazabodi, nyembamba ajabu, na kidole moja tu inatosha kuzilaza. Ukinunua mitumba, washa tochi ya simu, zum kamera, chunguza hiyo soketi mstari kwa mstari kabla utume M-Pesa. Kile kiplastiki kinafunika soketi kikae salama pia, juu ukirudisha bidhaa bila hicho, maduka mengi hayakusikizi. Na usinunue kwa kuhesabu pini pekee. LGA1151 ya Intel ya kizazi cha 6 na 7, na LGA1151 ya kizazi cha 8 na 9, zinatoshana kwa macho na hazielewani kabisa.

Pesti tone moja katikati, ya saizi ya ndengu, kisha feni ikazwe kwa msalaba, kona hii halafu ile ya kuangaliana nayo. Waya yake iende penye imeandikwa CPU_FAN. Na siku utataka kutoa feni ya AM4, endesha mashine kwanza ipate joto, zima, chomoa, kisha izungushe kushoto kulia kabla ya kuvuta. Ukivuta ikiwa baridi, pesti imeshikana, prosesa inang'oka na feni huku soketi ikiwa imefungwa, na pini zinapinda ukitazama.

RAM ikiwa mbili, kwa mazabodi ya nafasi nne zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Finya hadi isikike tak.

Tufike kwa waya, juu hapa ndio mazabodi nyingi humadwa. Ile nene ya pini 24 inajulikana. Ile ya pini 8 ya prosesa, juu kwa kona, wasee huisahau, mafeni yanazunguka na skrini haileti kitu. Pawa saplai pia iko na pini 8 ya kadi ya picha, zinafanana ukiwa na haraka, lakini meno yao ni tofauti. Ikikataa kuingia, soma maandishi. Noma kabisa ni pawa saplai za waya za kuchomoa. Upande wa mazabodi waya zote zinafuata standadi moja. Upande wa pawa saplai kila kampuni ilipanga yake. Ukiazima waya ya beshte yako wa kampuni nyingine, itaingia bila kelele na itapeleka volti 12 mahali palikuwa pakingoja 5. Hapo hakuna kutubu. Waya zilizokuja na pawa saplai zikae nayo milele.

Juu ya boksi hakuna batani ya kuwasha, so tafuta pini mbili zimeandikwa PWR_SW kwa kitabu chake, ziguse pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mafeni yakianza kuzunguka, hiyo raha hakuna klabu ya Westi inakupatia.

Imewaka? Zima, chomoa, gusisha tena zile pini mbili mara moja stima iliyobaki iishe, ndio uingie kwa kesi. Bati la nyuma lenye matundu ya USB liende kwanza, si mwisho ukiwa umemaliza kukaza. Vijiguzo vya shaba viwe tu mahali mazabodi ina tundu. ATX kwa kawaida ni 9. Kimoja kikibaki pasipo na tundu kinagusa soda nyuma ya mazabodi na hiyo ni shoti. Waya ndogo za mbele nazo, za switchi hazijali upande gani, za taa zinajali.

Ndani ya BIOS, washa XMP, kwa ASUS za AMD wanaiita DOCP. Bila hiyo, RAM umelipia 3200 inakimbia 2133 ama 2666 na huwezi jua. Windows 11 inadai TPM 2.0, na kwa AMD iko ndani ya prosesa kwa jina fTPM, ni kuiwasha tu. Kusasisha BIOS fanya kama kuna sababu. Mfano, B450 ya zamani bila BIOS mpya haitambui Ryzen 5000. Fleshi iwe FAT32, faili itoke kwa tovuti ya kampuni, na usijaribu kama stima ya kwenu imekuwa ikipepesa kutoka asubuhi, ama tokeni zimebaki za kuhesabu. Stima ikipotea katikati, mazabodi isiyo na ile batani ya flashbak unaipeleka kwa fundi wa chipu.

Halafu kuna ile mashine yako ya zamani, OptiPlex ya Ex-UK ulikuwa unatumia. Usiichinje upate kesi ya bure. Kwa 7020 na 9020, Dell waliweka pini 8 mahali wengine wanaweka 24, na pawa saplai yake haitakusaidia popote. Iuze ikiwa mzima. Windows 10 ilisare kuletewa masasisho ya bure Oktoba 14, 2025, lakini iwekee Linux na kuna cyber hapo steji itaichukua, juu kazi ya huko ni eCitizen, kuprinti, na watoi wa shule wakitafuta majibu.