Sentimita Moja ya Shaba: Mpangilio wa Bodi ya Kuendesha Geti katika Inveta za Nguvu Kubwa

Msomaji wa Katanga si mgeni wa kazi ya inveta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeme wa Inga hufika Kolwezi ukiwa mkondo mnyoofu, baada ya safari ya takriban kilomita 1,700, na hapo hugeuzwa kuwa mkondo geu. Huko kazi hiyo hufanywa na thairista. Katika inveta ndogo zaidi, za mota na za mitambo ya jua, hufanywa na transista aina ya IGBT, zinazowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Makala haya yanahusu bodi ndogo inayozipa amri, ambayo hapa tutaiita kiendesha-geti.

Mara nyingi hutokea kwamba fundi abadilishe transista zilizoungua, inveta ifanye kazi kwa saa chache, kisha ziungue tena. Lawama hutupiwa vipuri. Mchoro wa saketi ukikaguliwa, hauonyeshi kosa. Wala pengine hauwezi kulionyesha, kwa kuwa katika mchoro mstari huunganisha nukta mbili tu, hauna urefu. Kwenye bodi mstari huohuo ni shaba, na shaba ina induktansi: yapata nanohenri 10 kwa kila sentimita.

Tupige hesabu. Transista kubwa yaweza kubadilisha mkondo kwa kasi ya ampea 2,000 kwa mikrosekunde. Ikiwa njia ya kurudia ya kiendesha-geti inashiriki sentimita moja tu na njia ya mkondo mkubwa wa emita, induktansi hiyo, kwa kasi hiyo, huzaa volti 20. Amri yenyewe ya geti ni volti 15! Volti hizo huipinga amri. Transista husitasita kati ya kuwaka na kuzimika, na katika kusitasita huko hupata joto kali. Ndiyo sababu moduli nyingi huwa na pini ya pekee ya emita kwa ajili ya kiendesha-geti, na mkondo mkubwa haupaswi kupitishwa hapo hata kidogo.

Hatari ya pili ni ya transista iliyozimwa. Mwenzake anapowaka, volti yake hupanda, tuseme, kwa volti 5,000 kwa mikrosekunde. Kati ya kolekta na geti mna kapasitansi ya asili. Ikiwa nanofaradi 0.4, ampea 2 husukumwa getini. Ampea hizo zikipita katika omu 3, geti hupanda volti 6, nazo zatosha kuiamsha transista. Hapo zote mbili huwaka pamoja, na chanzo cha umeme huwa kimefungwa kwa mkato. Kuzima kwa volti -8 badala ya sifuri husaidia, lakini kitanzi kirefu cha geti chaweza kuuharibu msaada huo.

Kwa hiyo kiendesha-geti kiwekwe karibu kabisa na pini za transista, na kapasita yake ya akiba ikigusana nacho. Njia ya kwenda na ya kurudi zilazwe moja juu ya nyingine katika tabaka jirani, ili nyuga zao za sumaku zibatilishane. Twaona watu wakipanua shaba huku wakiiacha njia ya kurudi ikizunguka bodi nzima. Faida yake ni haba.

Mahali pamoja tu shaba isilazwe juu ya shaba: kwenye mpaka wa utengano, baina ya upande wa amri na upande wa nguvu. Hapo pikofaradi 10 tu, kwa kasi ileile, hupitisha miliampea 50 za vurugu hadi kwenye saketi ya amri. Mpaka huo uachwe wazi katika tabaka zote, kwa upana unaolingana na volti na pia na vumbi la mahali.

Anayetaka kuhakikisha apime volti ya geti kwenye pini za transista zenyewe, si kwenye kiendesha-geti, tena kwa waya mfupi sana wa ardhi wa osiloskopu; waya mrefu nao ni kitanzi, na utamwonyesha mawimbi yasiyokuwapo.