Je, Wajua? Virusi Vinavyojificha Katika Damu ya Msaada

Je, wajua kwamba damu unayochangia Moshi haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa? Chupa hutengwa kwanza, na sampuli zake hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C, na pia kaswende. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapahapa Moshi. Damu yenye maambukizi huteketezwa.

Je, wajua kwamba hospitali ya KCMC ya hapa Moshi ilipofunguliwa mwaka 1971, hakuna aliyevijua virusi vya UKIMWI? Kipimo cha kuvichuja kwenye damu kilipatikana 1985. Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa 1989. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza 2004.

Je, wajua kwamba mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa akaonekana mzima? Kipimo cha kingamwili hutafuta askari wa mwili, na askari hao huchukua wiki tatu hivi kujitokeza dhidi ya virusi vya UKIMWI. Kipimo kinachotafuta pia kipande cha kirusi chenyewe hupunguza muda huo hadi wiki mbili na ushee. Kinachosaka vinasaba vyake huvikuta baada ya siku 11 hivi. Hakuna kinachofikia sifuri. Homa ya ini B ni ngumu zaidi kuigundua: antijeni yake, yaani kipande cha kirusi kinachotafutwa, huweza kuchukua zaidi ya mwezi kuonekana, na kwa watu wengine hutoweka huku kirusi kimebaki ndani ya ini.

Ndiyo maana unaulizwa maswali ya faragha kabla ya sindano. Tafadhali usimfiche mhudumu kitu, hata kama ndugu yako anasubiri damu wodini. Shinikizo la ndugu ndilo linalowafanya wengi waseme uongo, na hapo maabara haina la kufanya. Mchangiaji wa hiari anayerudi mara kwa mara, mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, hupimwa kila anapokuja. Damu yake ndiyo ya kuaminika zaidi.

Na je, wajua kwamba wanafunzi wa sekondari ni nguzo ya benki ya damu? Desemba shule zimefungwa, nao Wachaga wanapanda Machame, Marangu na Rombo kwa Krismasi, barabara zimejaa magari: wachangiaji hupungua wakati ajali zinaweza kuongeza uhitaji wa damu. Una miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi? Pita Moshi mjini kabla hujapanda mlimani.