Koili za Platini Ndani ya Mshipa wa Ubongo

Katika mashamba ya mkonge ya Kabuku, wilayani Handeni, jani likisha kupita katika korona hutoka nyuzi za katani, ambazo huanikwa, hupigwa burashi, kisha hushindiliwa kuwa marobota. Kila mfanyakazi wa huko ajua kuwa fungu la katani lisiloshindiliwa huonekana kubwa, kumbe sehemu kubwa yake ni hewa. Jambo hilo hilo huwashughulisha madaktari watibuo anurisimu ya ubongo.

Anurisimu ni kifuko kinachotokeza katika ukuta dhaifu wa ateri, hasa pale ateri inapogawanyika. Wengi wenye kifuko hicho hawajui mpaka kipasuke. Hapo mgonjwa hushikwa ghafula na maumivu makali ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani, mara nyingi pamoja na kutapika na shingo kukakamaa. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa kabisa katika saa 24 za kwanza. Na kutoka Kabuku hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mishipa ya ubongo hutibiwa hata kwa njia ya katheta, ni zaidi ya kilomita 200. Maumivu hayo yakidhaniwa kuwa malaria, saa hizo hupita bure.

Kwa muda mrefu tiba kuu ilikuwa kufungua fuvu na kukibana kifuko shingoni kwa kibanio cha metali. Mwaka 1990 Guido Guglielmi, daktari Mwitaliano aliyefanya kazi Los Angeles, pamoja na wenzake, walianza kuwatibu wagonjwa kwa kupitisha katheta kutoka pajani hadi ubongoni na kukijaza kifuko kwa koili laini ya platini. Koili iliunganishwa na waya wa kusukumia wa chuma cha pua. Mkondo hafifu wa umeme ulipopitishwa, kiungo cha chuma kiliyeyuka damuni na koili ikabaki. Mwanafunzi wa kemia ataitambua elektrolisisi: anodi ya chuma hulika, platini hailiki. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2002, la wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka, lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili, na asilimia 30.6 kwa kibanio.

Lakini koili si za namna moja. Ya kwanza kuingizwa hujikunja pande zote kama tenga; zinazofuata, ndogo na laini zaidi, huijaza nafasi ya ndani. Unene nao una hesabu yake. Kifuko chenye kipenyo cha milimita 6 kina ujazo wa milimita za ujazo 113 hivi. Ili kujaza robo yake tu, koili yenye unene wa milimita 0.36 yatakiwa iwe na urefu wa sentimita 28. Ya milimita 0.25 yahitaji sentimita 58, kwa kuwa eneo la mkato hufuata mraba wa kipenyo. Robo tatu zilizobaki huzibwa na damu iliyoganda. Basi mbona zote zisiwe nene? Koili nene ni ngumu, na ukuta wa kifuko ni mwembamba mno.

Watengenezaji wakatafuta njia nyingine. Baadhi walizivika koili plastiki inayoyeyuka mwilini, ili kovu liote upesi. Majaribio hayakuonyesha kuwa zaishinda platini tupu. Wengine walizivika jeli inayofura inapofyonza maji, na hii ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Katika jaribio la wagonjwa 499 lililochapishwa mwaka 2011, vifuko vilivyojifungua tena kwa kiasi kikubwa vilipungua kwa karibu 9 katika kila 100, ingawa afya ya wagonjwa wenyewe haikutofautiana dhahiri. Mtu aweza kusema basi kuwa faida ni ya pichani tu. Kwa mgonjwa wa Kabuku si hivyo: kifuko kikijifungua tena, ni safari nyingine ya Dar es Salaam, picha nyingine ya mishipa, na pengine katheta kwa mara ya pili.