Nyumba Tuliyobakiza Kizwite

Dalali alikuwa ameshaleta mnunuzi Kizwite, hapa Sumbawanga mjini. Nilitaka kuuza nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, nikafanye kazi za ndani Omani. Mume wangu akakataa kusaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimlinda: nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Nilikasirika, leo namshukuru. Tuliuza magunia ya mahindi na maharage kugharamia safari yangu, tukabakiza paa. Niliporudi kutoka Omani, watoto walinipokea mlangoni petu.

Ndugu yangu unayetaka kusafiri, mkataba wako upitie kwanza ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira, nawe uusome kabla ya kutoa hata shilingi. Kazi ya ugenini ina mwisho. Nyumba ndiyo inayokungoja urudi.